Kwa Nini Mlangamia Hukumbatia Viuno vya Miti

Acheni kwanza kuuvuta. Mnavuta kama mnaokokota ng'ombe, na huo mdalasini mnauchuna gome kabla ya siku yake. Biubwa, weka hicho kisu chini, mwanangu, ukae. Tangu asubuhi nawasikia mnaulaani huu mlangamia, hizi kamba za manjano zisizo na jani: mara mwizi, mara mchawi, mara nywele za shetani. Sikatai. Umenilia midalasini mitatu mwaka huu humu shambani, na yote mitatu niliipanda kwa mkono wangu huu. Lakini mnamtukana mtu msiyejua yaliyomsibu. Mimi nilihadithiwa na bibi yangu nikiwa mdogo kuliko nyinyi, tumekaa tukibandua magome hivi hivi, na toka siku ile nikiukata mlangamia naukata kwa kisu kikali, mara moja, siuburuti. Sikilizeni, ila mikono isilale. Matawi haya yakikauka, gome haliachii tena.

Zama hizo dunia haikuwa na kijani. Miti na nyasi na maua walikuwa watu, wakitembea kwa miguu, wamepauka kama majivu, wote na njaa yao. Chakula chao kilikuwa vitu vilivyokufa, wakifukua ardhini, wakigombania vilivyooza. Jua liliwaka juu ya vichwa vyao kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba jua linalika.

Alikuwako mwanamke mmoja akiitwa Siwema. Siku ya tatu hajatia kitu kinywani, akateremka dimbwini kunywa maji, na mle majini alikuwamo kiumbe mdogo, hafiki punje ya mtama, jina lake Chanikiwiti. Duniani kote huyo peke yake ndiye aliyekuwa na rangi. Kazi yake ilikuwa kupika jua: analichukua jua, analitia maji na hewa, anatoa sukari. Kiunoni alivaa utunda wa shanga, duara moja lisilo na mwanzo wala mwisho, na mapishi yake yote yalikuwa humo. Kila ushanga ulikuwa na neno lake. Maneno yakisomwa kwa mpango wake, chungu kinaiva. Siwema hakuuliza lolote. Alimkomba pamoja na maji, akammeza.

Basi tumbo likakataa kumsaga. Sijui kwa nini, wala bibi hakunambia. Chanikiwiti alijikuta gizani, akashikwa na hofu, na kwa kuwa hakujua kazi nyingine akaendelea kupika kwa ule mwanga kidogo uliopenya. Siwema akaamka asubuhi ameshiba, akatazama mikono yake akaona inaota kijani. Alilia kwa furaha, maskini. Hajawahi kushiba tangu azaliwe.

Lakini mtu akishiba mara moja huanza kuiogopa njaa ya kesho. Siwema alianza kuwaza: je, huyu mgeni akiondoka? Akamwambia kwa sauti ya upole, "Mgeni wangu, shanga zote hizo zitakuchosha kiuno. Nipe nikuwekee sandukuni kwangu, siku ukizitaka utanambia." Chanikiwiti akamwamini. Leo akampa kidogo, kesho kidogo, mpaka nyingi zikawa ndani ya sanduku la Siwema. Siku alipokumbuka kwao akasema, "Mama, nifungulie sanduku, nataka kurudi dimbwini." Siwema akakaa juu ya kifuniko, akamwambia, "Kwenu ni hapa." Na kweli ilikuwa ndiyo basi. Kwa zile chache zilizobaki kiunoni, Chanikiwiti asingeweza kuishi peke yake hata kutwa moja. Na Siwema bila Chanikiwiti angerudi kufukua vilivyooza. Wakabaki hivyo, mmoja ndani ya mwingine, kila mmoja mfungwa wa mwenzake. Watu husema ndoa ile ilikuwa ya heri kwa sababu ilizaa misitu. Mimi naona imeanza kwa hila, na dawa ya hila siijui.

Zile shanga zilizobaki Chanikiwiti alizishika kwa mikono miwili. Akasema hizi sizitoi hata nichinjwe, maana ndizo za kukamatia jua, na zinatakiwa ziwe karibu na chungu. Na kwa kuwa jua lenyewe huchoma uzi na kuzipausha shanga, akaketi akautunga utunda wake upya kwa akili. Kipande kirefu upande mmoja, kipande kifupi upande wa pili, na baina yao, huku na huku, kipande kimoja kilichotungwa mara mbili: kimoja kinakwenda mbele, mwenzake kinarudi nyuma, vinatazamana kama mtu na kioo chake. Uzi ukikatika upande huu, unausoma upande ule kinyumenyume, unatunga tena, hakuna neno linalopotea. Jambo dogo, lakini lilimwokoa yeye na uzao wote wa Siwema.

Siwema akazaa, na wanawe wakazaa, kila mmoja na Chanikiwiti wake ndani na utunda wake kiunoni, na ukawa ndio mwiko wa ukoo. Utunda hutoka kwa mama. Baba huja na vumbi lake la njano, huyu kaletwa na nyuki, yule na upepo, lakini akifika mlangoni huvua kila kitu akaingia kiuno kitupu. Mama humtungia kila mtoto wa kwake, akamfunga kiunoni siku ya kumtoa nyumbani, na toka hapo haonyeshwi mtu, awe mume, awe shoga, awe ndugu wa tumbo moja. Tena mtoto wa mwisho hatungiwi mpya. Mama huvua ule wake mwenyewe akamvisha. Ndiyo maana kila mama wa ukoo ule alikwenda kaburini kiuno kitupu, na hiyo ndiyo ilikuwa heshima yake.

Sasa ndipo tunafika kwa huyu mnayemtukana.

Vizazi vingi baada ya Siwema alikuwako mama mmoja, Mize, na binti zake wawili. Mkubwa ni Somoe, mtu wa kimya, kifua kipana, ngozi yake ikinukia hata akipita mbali. Mdogo ni Tabu. Tabu alikuwa kitinda mimba, mwembamba, mwepesi wa kucheka na mwepesi wa kulia, na mama yake alimpenda kupita kiasi, hilo halikufichika. Majani yake Tabu yalikuwa mapana na mabichi, watu wakija kukaa kivulini mwake. Najua mnanitazama hamniamini. Alikuwa na majani, nawaambieni, na alikuwa na jiko lake.

Siku Mize alipomvisha Tabu utunda wake, hakukaa sana. Alianza kupauka kuanzia vidoleni. Somoe alimletea maji, Tabu akamlaza mapajani, lakini jiko la mama lilikuwa limeshazimika na kila mtu alilijua hilo. Akafa mchana, jua linawaka. Wakamwosha wenyewe, wale mabinti wawili, na ndipo Tabu alipokiona kile kiuno. Pale palipokaa utunda miaka yote pamebaki alama ya mviringo, nyeupe, haina kitu. Alipiga yowe. "Dada, mama anakwenda uchi! Anakwenda uchi kwa sababu yangu mimi!"

Somoe akamshika. "Nyamaza, mdogo wangu. Ndivyo walivyokwenda wote. Utunda si pambo, ni chungu cha jikoni. Maiti anapikia nani?" Akamfuta machozi, akatoka kwenda kuwaita wachimba kaburi.

Tabu akabaki peke yake na mama yake. Alijipapasa kiunoni, akaanza kuzihesabu shanga moja moja, kipande kirefu, kisha kile cha kati, kisha kifupi, akafika kwenye kile cha pili cha kati akasimama. Zile zile! Zile zile alizokwisha kuzipita, ila zinarudi nyuma. Hakuna aliyemwambia maana yake, maana mama aliugua kabla ya kumkalisha kumfundisha. Akawaza: kumbe ninazo mara mbili, na mimi tumbo langu ni moja. Mama amenipa zote, nami nishindwe kumpa hizi za ziada? Akaukata uzi kwa meno, akakitoa kile kipande, akakifunga kiunoni kwa mama yake juu ya ile alama nyeupe. Uzi uliobaki akauunga ncha kwa ncha. Somoe alipoingia, sanda ilikuwa imeshafunika. Wakamzika alasiri.

Msinitazame hivyo. Nani kati yenu angeweza kumwacha mama yake vile? Mimi nisingeweza.

Msimu ule haukutokea ubaya. Tabu alipika, akala, akajiona hata mwepesi kidogo. Wala si lazima ubaya utokee, niwaambie ukweli. Wazee wa njegere na dengu nao walikipoteza kipande kile kile zamani sana, kwa sababu zao wenyewe, na hebu waoneni, majani tele, maganda yamejaa. Nilimwuliza bibi yangu mbona wale hawakudhurika, akanambia kuna watu hukosea wakapita salama na kuna watu hukosea wakakamatwa. Niliona ni uonevu. Mpaka leo naona ni uonevu.

Kiangazi kilichofuata kilikuwa kikali. Jua lilichoma uzi wa kila mtu. Kila nyumba nyuzi zilikatika, na kila nyumba watu waligeukia upande wa pili, wakasoma, wakatunga, wakaendelea na kazi zao. Wa Tabu nao ukakatika. Ulikatika pale pale kwenye kipande kilichokuwa na mwenzake, shanga zikamwagika mchangani. Alizikusanya zote, hakupoteza hata moja, akaziweka kiganjani. Lakini ipi itangulie? Ipi ifuate? Akageuka kuutazama ule upande wa pili, na ule upande wa pili ulikuwa kaburini.

Akatunga kwa kukumbuka. Akapika, chungu kikaungua. Akapangua, akatunga tena, likatoka jani la manjano, dogo kama ukucha. Akapangua tena. Kila akipangua hukosea na zile alizokuwa bado anazikumbuka. Majani mapya yakaja madogo zaidi, mpaka yakawa kama magamba ya dagaa, hayakamati jua lolote. Waliokuwa wakikaa kivulini mwake wakahamia kwengine, wala hawakuaga. Njaa ile ya zamani, ya kabla ya Siwema, ikamrudia yeye peke yake.

Akaenda kwa dada yake. Akamweleza yote, ya sanda na ya uzi. Somoe alikaa chini kwa kusikia. Tabu akasema, "Dada, najua mwiko. Lakini wako na wangu kaufunga mama mmoja. Ufungue niusome mara moja tu, nikumbuke."

Somoe alilia, lakini alitikisa kichwa. "Ningekufungulia, Tabu, na mwiko ningeuvunja. Lakini nina mtoto tumboni. Nikiufungua jiko langu linazimika, naye yumo ndani, hajafungwa wake. Siwezi, mdogo wangu. Ila chakula changu ni chako. Njoo uniegemee, ule kwangu mpaka upate nafuu."

Tabu alikwenda moja kwa moja kwenye kaburi la mama yake akalifukua kwa mikono na miguu. Alichimba kutwa nzima. Hakukuta mama, hakukuta uzi, hakukuta hata ushanga mmoja, udongo ulikuwa umevila vyote na umekaa kimya kama haujafanya kitu. Tabu akasimama juu ya lile shimo akaung'oa mguu wa kwanza, akaung'oa wa pili. Akauambia udongo, "Mimi na wewe basi. Sitakukanyaga tena mpaka nife." Na hakukanyaga.

Akarudi kwa Somoe kwa kudandia mabegani mwa waliokuwa njiani, akaparamia juu yake bila kugusa chini, akamkumbatia kiunoni. Alikuwa na njaa, ndiyo, na alikula. Lakini si njaa tu iliyomfanya akumbatie pale. Alikuwa akipapasa. Aliwaza kwamba dada asipoufungua utunda, pengine yeye anaweza kuzihesabu shanga kwa vidole juu ya gome: hapa kubwa, hapa ndogo, hapa mbili zimekaribiana. Alizunguka mara moja akapotea hesabu. Akazunguka tena. Somoe alimwelewa. Akamwambia, "Papasa, mdogo wangu, lakini polepole, unaniumiza." Vidole vya Tabu vilikuwa vimeshaanza kuota midomo, kila anaposhika ananyonya, na mwenyewe hajui.

Ikawa hivyo siku kwa siku. Na kwa kuwa sasa anakula kilichopikwa na mwingine, zile shanga zake mwenyewe zikakosa kazi, zikaanza kudondoka moja moja, wala hakuinama kuziokota, maana zilianguka kwenye udongo. Akabaki na chache tu, za mazoea. Rangi ikamtoka. Akawa kamba ya manjano, ndefu, haina jani, imemzunguka dada yake mara mia, mara elfu, inahesabu.

Somoe hakumwambia toka. Wengine walimwambia, "Mkate huyo, atakuua," naye akajibu, "Ni mdogo wangu." Siku yake ilipofika alimzaa mwanawe, akamfunga utunda kwa mikono iliyokwisha kupauka, akampa ndege ambebe ampeleke mbali, mbali na mama yake mdogo. Mtoto yule ndiye mama wa midalasini yote mnayoibandua. Kisha Somoe akakauka akiwa amesimama, gome linanukia, na Tabu amemng'ang'ania.

Wanasema Tabu alikuwa amekaribia. Alikuwa amezipata shanga za kipande kirefu zote, na nusu ya kile cha kati, ndipo chini ya vidole vyake kila kitu kikanyamaza. Aliita, "Dada? Dada, nimefika katikati, usiende." Hakuna aliyeitika. Alikaa juu ya ule mti mkavu mpaka njaa ikamkumbusha kwamba yuko hai, akanyoosha mkono kwa mti wa jirani, akaanza hesabu upya.

Wale wengine waliyaona hayo. Na tangu siku hiyo mimea ya maua imekishika kile kipande cha mara mbili kwa nguvu, kila mama akimfunga mtoto humwambia kwanza maana yake, kisha ndipo humfunga. Tangu siku hiyo mlangamia hana jani, hana mzizi, wala hagusi ardhi akishamkamata mtu. Mbegu yake ikiota huchomoza uzi mmoja mwembamba, ukatangatanga hewani ukitafuta wa kumshika, na ukishampata huikata miguu yake mwenyewe chini. Chukua hilo ua lake, Biubwa, hilo dogo jeupe, ulilinganishe na la mdalasini. Umeona? Ua la dada yake halikumtoka.

Mnaposema ananyonya, msemapo anaua, ni kweli, hamjamsingizia. Ila hakuja kuua. Huzunguka kiuno cha kila mti anaoufikia, anapapasa, anahesabu, anatafuta neno linalofuata, na kila aliyemkumbatia humfia mkononi kabla hajamaliza.